Walionuna Ndio Walioandika

Majira ya baridi, mwanzoni mwa karne ya 18, komishna wa polisi anaingia katika ukumbi wa mbao kwenye gulio la Saint-Germain, Paris. Jukwaani yupo mchekeshaji Arlequin na kinyago chake cheusi, na watu wanavunjika mbavu. Komishna hacheki. Ameletwa pale na malalamiko ya waigizaji wa Comédie-Française, na kazi yake ni kusikiliza kama kuna watu wawili jukwaani wanaosemezana. Mmoja akisema peke yake, hakuna kosa. Wa pili akimjibu, kosa limetendeka, na komishna anachovya kalamu.

Mwaka 1680 Mfalme Louis XIV aliyaunganisha makundi ya maigizo ya Paris yakawa Comédie-Française, akalipatia kundi hilo haki ya pekee ya kuigiza tamthilia za Kifaransa jijini. Watu wa magulioni, wa Saint-Germain wakati wa baridi na wa Saint-Laurent wakati wa kiangazi, waliachiwa kutembea juu ya kamba, kuchezesha wanyama na kuchezesha vikaragosi. Wao walitaka kuigiza. Walipokatazwa tamthilia nzima, wakacheza vipande. Walipokatazwa mazungumzo, mmoja alisema na mwenzake akajibu kwa ishara. Au aliyekwisha kusema alikimbilia nyuma ya pazia ili mwenzake aseme akiwa peke yake, kisha wakapokezana tena. Walipobanwa zaidi, wakafumba midomo kabisa na kuandika maneno kwenye mabango.

Mwanzoni kila mwigizaji alikuwa na mabango yake yameviringishwa mfukoni upande wa kulia. Zamu yake ikifika alichomoa moja, akalikunjua, akawaonyesha watazamaji. Baadaye mabango yakawa yanashushwa kutoka darini, yameshikwa na watoto wawili waliovalishwa kama vijimungu vya mapenzi, wananing'inia hewani. Maneno yenyewe yalikuwa beti zilizotungwa kwa lahani ambayo kila mtu mjini aliijua. Wapiga fidla walianza, watu waliopandikizwa katikati ya hadhira wakadaka, na punde ukumbi mzima ukawa unaimba maneno ya mwigizaji ambaye mwenyewe alikuwa kimya, akicheza kwa mikono na macho. Sheria ilimkataza mwigizaji kusema; haikumkataza mwenye tiketi kuimba. Maelezo ya watoto wale tumeachiwa na Alain-René Lesage, mwandishi wa riwaya ya Gil Blas, aliyeyatungia magulio haya kwa miaka mingi, pamoja na mwenzake d'Orneval.

Opéra nayo ilikuwa na haki yake ya pekee ya kifalme, ya kuimba. Ilikuwa pia na madeni. Basi ikawauzia watu wa magulioni ruhusa ya kuimba, na katika biashara hiyo, mnamo 1714 na 1715, likazaliwa jina Opéra-Comique. Comédie-Française ilishitaki; Opéra ilitoza.

Mwaka 1877 mtunza nyaraka Émile Campardon alichapisha hati za makomishna wale. Ukizisoma unajua nani aliingia jukwaani, alivaa nini, alisema nini, alijibiwa nini, na ilikuwa siku gani. Kwa michezo mingi ya magulio hakuna shahidi mwingine anayetuleta karibu namna hiyo. Aliyecheka alirudi nyumbani akalala. Aliyenuna alikaa akaandika, akatia sahihi, akahifadhi. Sehemu kubwa ya tunachokijua kuhusu burudani ya watu wa kawaida wa Ufaransa, kutoka gulioni hadi mikahawa ya nyimbo, ni kumbukumbu za watu ambao hawakuipenda, walioiogopa, au waliotaka hela yake. Na jambo hilo linaamua hata leo nani atapewa fedha za kuichunguza.

Chukua mtafiti wa uzamivu. Nchini Ufaransa anayefadhiliwa husaini mkataba wa uzamivu, ulioanzishwa kwa amri ya serikali ya mwaka 2009: ajira ya miaka 3, yenye mshahara, bima ya afya na michango ya pensheni. Sheria ya utafiti ya mwaka 2020 ilipanga mshahara huo upandishwe hatua kwa hatua hadi euro 2,300 kwa mwezi, kabla ya makato, mwaka 2026. Kwa kodi za nyumba za Paris huo si utajiri. Kwa mwenzake asiye na mkataba, anayefundisha sekondari mchana na kuandika tasnifu usiku, ni ndoto. Ipo pia njia ya mkataba wa CIFRE, tangu 1981, ambapo kampuni humwajiri mtafiti na serikali ikachangia mshahara. Njia hiyo inawafaa zaidi wahandisi. Ni shida kuipata kampuni yenye haja ya kujua vikaragosi wa Lyon walimwambia nini askari wa kikaragosi.

Kabla ya mkataba kuna jopo. Mtahiniwa anapewa dakika chache aeleze atachunguza nini, nyaraka zake ziko wapi, na atamaliza lini. Swali la lini kila mtu hulijibu kwa uongo wa heshima, na jopo hulipokea kwa heshima hiyo hiyo. Swali la nyaraka ndilo linaloangusha watu. Mtu akisema anataka kujua maskini waliokaa viti vya juu kabisa katika majumba ya maigizo ya Boulevard du Temple mwaka 1830 walicheka nini, ataulizwa, kwa upole mkubwa, kicheko hicho kimehifadhiwa wapi. Waswahili husema mcheza kwao hutunzwa. Mbele ya jopo hutunzwa mcheza karibu na makabati.

Matokeo yake yanaonekana. Comédie-Française, ile iliyokuwa ikishitaki, ilitunza madaftari ya mapato ya kila jioni tangu 1680 hadi 1793. Madaftari hayo yamepigwa picha na kuingizwa katika hifadhidata kubwa kwa ushirikiano wa jumba lenyewe, vyuo vikuu vya Ufaransa na chuo cha MIT cha Marekani. Leo ukiwa kitandani kwako unaweza kujua tiketi ngapi ziliuzwa jioni fulani ya utawala wa Louis XV, za bei gani, na mchezo gani ulidoda. Ni kazi nzuri mno, na sisemi kwa kejeli. Ila watu wa gulioni hawana madaftari ya namna hiyo. Mshtaki ana hifadhidata; mshtakiwa ana jalada la polisi.

Baada ya Mapinduzi ya Ufaransa, sheria ya Januari 1791 ilimruhusu raia yeyote kufungua jumba la maonyesho, na majumba yakachipuka Paris kama uyoga. Uhuru huo haukufikisha miaka 20. Mwaka 1807 Napoleon aliyapunguza majumba ya Paris yakabaki 8, na kila moja likapewa aina yake ya mchezo: hili nyimbo za vodevili, lile melodrama, lile tanzia kwa watu wenye heshima zao. Kila mchezo mpya ulipaswa kupelekwa kwanza kwa wadhibiti, kwa maandishi. Tawala zikabadilika, udhibiti ukaondolewa mara kadhaa na kurudi kila mara, na maandishi yakaendelea kurundikana.

Marundo hayo sasa yako katika Hifadhi ya Taifa ya nyaraka huko Pierrefitte-sur-Seine, kaskazini mwa Paris. Unapanda metro ya mstari wa 13 hadi kituo cha mwisho, unaweka begi na kalamu ya wino kwenye kabati, unaingia na penseli, na unaletewa boksi kutoka kundi la F18. Ndani yake kuna mchezo ulionakiliwa kwa mkono wa karani. Pembeni kuna mistari iliyokatwa: kiapo kilichotaja jina la Mungu, padri aliyepaswa kugeuzwa kuwa mtu mwingine, mzaha juu ya waziri. Pamoja nayo huja ripoti ya mdhibiti, yenye muhtasari wa kisa. Muhtasari wa kichekesho ulioandikwa na mtu anayelipwa asicheke ni aina ya fasihi inayojitegemea. Mume amefichwa kabatini, mpenzi amefichwa chini ya meza, baba mkwe anabisha hodi, na yote yanasimuliwa kwa lugha ile ile ambayo ofisi nyingine ingeripotia daraja lililobomoka.

Maboksi hayo yangekuwa bahari isiyo na pwani kama si Odile Krakovitch, mhifadhi wa Hifadhi hiyo, aliyetumia miaka kuyaorodhesha na kuchapisha orodha za michezo iliyopita kwa wadhibiti katika karne ya 19. Watu wa fedha wanaifahamu tasnifu ya miaka 3, wana fomu yake. Kinachoifanya tasnifu hiyo iwezekane ni mwajiriwa wa kudumu aliyekaa miaka mingi bila kuulizwa kila mwisho wa robo amegundua nini, na hilo fomu yake sijaiona. Hata Waingereza wamenufaika na makabati hayo: Chuo Kikuu cha Warwick kiliongoza mradi wa tamthilia za enzi ya Napoleon kwa fedha za baraza la utafiti la Uingereza. Miaka mia mbili baada ya Waterloo, mlipakodi wa Kiingereza akachangia kujua raia wa Napoleon walikuwa wakitazama nini jioni. Ametumia fedha vibaya zaidi ya hapo.

Tatizo ni kwamba mdhibiti alisoma maandishi, na watu walienda kutazama mwili. Mfano wake mkubwa ni Jean-Gaspard Deburau, mzaliwa wa Bohemia, aliyecheza mhusika Pierrot kwa uso uliopakwa unga katika jumba la Funambules, kwenye Boulevard du Temple. Jumba hilo halikuruhusiwa tamthilia za mazungumzo, hivyo akaifanya fani yake kutoka kwenye katazo. Maandishi ya michezo yake yanaweza kusema Pierrot anaingia, anaona chupa, anaiba. Kilichowajaza watu ukumbini kilikuwa kati ya neno la pili na la tatu. Mwaka 1836 Deburau alimpiga kijana mmoja kwa fimbo barabarani, kijana akafa, na Pierrot akasimama kizimbani. Aliachiwa huru. Inasemwa kwamba watu wengi walikwenda mahakamani ili tu waisikie sauti yake. Mtu aliyenyamaza maisha yake yote ya kazi, mahali palipomlazimu kufungua kinywa hadharani palikuwa mbele ya hakimu, na bila shaka palikuwa na karani.

Katika mikahawa ya nyimbo iliyotapakaa katikati ya karne ya 19 mchezo ukawa ule ule kwa vyombo vipya. Mtu hakununua tiketi. Alilipa kupitia kinywaji, ambacho bei yake ilikuwa imeshiba wimbo ndani yake. Katika mikahawa ya hali ya chini mwimbaji mwanamke alishuka na kisahani kupita mezani, jambo ambalo mpenzi wa taarabu, aliyezoea kuinuka mwenyewe kwenda kutunza, angeliona ni kukosa subira. Hadi 1867 waimbaji wa mikahawa hawakuruhusiwa kuvaa mavazi ya kuigizia, maana hayo yalikuwa ya majumba ya maigizo, na majumba ya maigizo yalikuwa yamejifunza kushitaki. Kila wimbo ulipita kwa wadhibiti, na mkaguzi angeweza kuingia jioni kuhakikisha kinachoimbwa ndicho kilichopigwa mhuri. Waimbaji wakapeleka beti safi kama maji ya mtungi, kisha jukwaani wakanyamaza nusu sekunde mahali pasipo na mkato, au wakainua unyusi. Mdhibiti hakuwa na mhuri wa unyusi. Na mtafiti, anayeletewa beti zile katika boksi, anasoma wimbo wa mchungaji na kondoo wake na kujiuliza kwa nini ukumbi mzima ulipiga meza.

Mnunaji wa pili ni mtoza ushuru, nami nina deni kwake. Tangu 1699 maonyesho ya Paris yalikatwa sehemu ya mapato kwa ajili ya hospitali na maskini, kwanza moja ya sita. Na baada ya Mapinduzi kodi hiyo ya maskini ikarudishwa na kuendelea hadi karne ya 20. Wenye majumba waliilaani kila mwaka. Lakini kodi hudai hesabu, na hesabu huandikwa usiku ule ule, kabla mtu hajapata nafasi ya kuipamba. Kwa hiyo kuna kumbi ambazo hatujui zilichekesha vipi ila tunajua zilichekesha kwa franka ngapi.

Wa tatu ni aliyekataa kulipa bili. Mwaka 1847 watunzi Ernest Bourget, Paul Henrion na Victor Parizot walikuwa wamekaa katika mkahawa wa Ambassadeurs, Champs-Élysées, bendi ikapiga kazi yao. Bili ilipoletwa wakagoma: ninyi hamtulipi sisi muziki wetu, nasi hatuwalipi vinywaji vyenu. Bourget, inasimuliwa, alikuwa akinywa maji yenye sukari, kwa hiyo mapinduzi ya hakimiliki Ufaransa yalianza na kinywaji ambacho hata katika mkahawa wa ghali ni aibu kukigombania. Kesi ikaenda mahakamani, watunzi wakashinda, na mwaka 1851 ikaanzishwa SACEM, chama cha kukusanya malipo ya watunzi na wachapishaji wa muziki. Tangu hapo wimbo wa kilevini ukapata daftari lake, jina la mtunzi, la mwandishi wa maneno, la mchapishaji. Jina la aliyeuimba hadi ukapendwa halikuwa na safu.

Hifadhi nayo ina bahati yake mbaya. Mei 1871, siku za mwisho za uasi wa Komuni ya Paris, makao makuu ya polisi na jumba la jiji viliungua, na nyaraka nyingi za burudani za kabla ya hapo zikapanda angani. Daftari za vizazi na vifo vya Paris vya kabla ya 1860 nazo ziliteketea. Mtafiti anayeandika historia ya miaka hiyo huandika akizunguka shimo.

Lakini lipo shimo lisilohitaji moto. Mwaka 1886 lilifunguliwa jumba la sarakasi la Nouveau Cirque katika rue Saint-Honoré, mali ya Joseph Oller, yule ambaye miaka 3 baadaye angefungua Moulin Rouge pamoja na Charles Zidler. Uwanja wake uliweza kushuka na kugeuka bwawa la maji. Humo akatambulishwa kwa Paris kijana mweusi aliyepewa jina la jukwaani Chocolat. Alizaliwa Cuba, kwa makadirio mwaka 1868, wakati utumwa bado upo huko. Aliuzwa akiwa mtoto, akapelekwa Hispania, akatoroka, akafanya vibarua Bilbao, akaokotwa na mchekeshaji Mwingereza Tony Grice kuwa mtumishi na msaidizi wake. Mwaka 1888 mchezo mzima ulijengwa juu yake. Kisha ikaja miaka ya kuigiza na George Foottit: Foottit mweupe, mwenye amri, anazaba makofi, Chocolat anapigwa, na kicheko kinamwangukia yeye. Kamera za ndugu Lumière ziliwanasa. Toulouse-Lautrec alimchora mwaka 1896 akicheza dansi ndani ya baa. Alikufa Bordeaux mwaka 1917 akiwa maskini, akazikwa upande wa mafukara.

Paris nzima ilikuwa ikimjua, na karibu hakuna karatasi inayomjua. Mtumwa hakuandikiwa jina la ukoo. Alikuwa Rafael tu, na jina Padilla analoitwa siku hizi lilikuja kumfuata baadaye. Mwanahistoria Gérard Noiriel, aliyekuwa amejijengea jina kwa historia ya uhamiaji, alipoanza kumtafuta alikuta mabango, matangazo ya magazeti, picha na dhihaka za waandishi, yaani kila kitu kilichoandikwa na waliomtazama. Akachapisha kitabu mwaka 2012. Miaka 4 baadaye akachapisha kingine, kipana zaidi, baada ya kumfuatilia hadi Hispania na Cuba, na katika jina la kitabu hicho cha pili akamwita mtu asiye na jina. Mwaka huo huo filamu ikatoka, Omar Sy akiwa Chocolat, na mji wa Paris ukabandika kibao mahali palipokuwa Nouveau Cirque.

Noiriel alikuwa profesa mwenye kiti chake, mwenye ruhusa ya kurudia kitabu chake mwenyewe. Weka utafiti huo mkononi mwa kijana wa mkataba wa miaka 3. Mwaka wa kwanza, magazeti. Mwaka wa pili, daftari za kanisa zisizo na jina la ukoo la kutafutia. Mwaka wa tatu, kamati ya ufuatiliaji inauliza sura ya pili iko wapi. Msimamizi mwenye huruma angemshauri mapema abadili mada, achukue jumba lililokuwa likishitakiwa mara kwa mara. Nami nikiwa msimamizi ningemshauri hivyo hivyo, kisha nikakosa usingizi siku mbili tatu.

Udhibiti wa majukwaa haukuuawa na hotuba. Kwa miongo mingi watu wakubwa waliushambulia, Victor Hugo mmojawao, na ukasimama. Mwaka 1906 Bunge la Ufaransa liliondoa tu katika bajeti fungu la mishahara ya wadhibiti. Sheria ilibaki vitabuni. Wa kuitekeleza hakuwa na posho. Wenye mikahawa na watunzi walifurahi, na walikuwa na haki ya kufurahi.

Tasnifu nyingi za burudani ya karne ya 19 huishia karibu na mwaka huo. Mtafiti akiulizwa na jopo kwa nini amekomea 1906, hujibu kwamba hapo ulianza uhuru wa jukwaa, nalo jopo huitikia kwa kichwa. Wote waliomo chumbani wamewahi kufika Pierrefitte, na wanajua kwamba hapo ndipo maboksi yanapoishia.